Dobi Alivyoukimbiza Mwezi Akiwa na Mama Mkwe

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, dobi huyu aliitazama mbingu kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemfahamu: kwa jicho la pembeni, mguu ukiwa tayari kukimbia. Kazi ndiyo iliyomfundisha. Mtu anayeanika mashuka ya nyumba ya wageni juu ya paa hana urafiki na wingu. Akiona weusi unajikusanya upande wowote, huiacha pasi, huiacha chai, huiacha hata sentensi katikati, akapanda ngazi mbilimbili kwenda kuanua. Wateja walishazoea. Walijua kwamba dobi akikatisha "habari za nyumbani" kabla ya kufika "nyumbani", mvua iko njiani, nao hushika njia ya makwao.

Duka lake lilikuwa chini ya jengo la ghorofa tatu, kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Mbele palikuwa na kaunta na nguo zilizotundikwa hadi darini. Nyuma palikuwa na mashine mbili za kufulia, moja ikifanya kazi na nyingine ikimgawia mwenzake viungo vyake. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, aliyeinama mabegani kwa miaka ya kuinamia pasi, na hakuna aliyewahi kumwona na shati lililonyooka. Alisema akimaliza kazi hataki kuiona pasi hata kwa picha.

Darubini aliipata kwa kudhani ni bomba. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya juu alihama, akaacha kwenye kona ya ngazi vitu alivyoona havina faida tena: godoro lililochoka, kapu lenye tundu, na mrija mnene mweupe wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Dobi alikuwa anahangaika na bomba la kutolea mvuke. Akaomba ule mrija, akaambiwa chukua tu. Akaupeleka uani, akafumba jicho moja, akachungulia upande mwembamba kuona kama umeziba. Hakuona uchafu wowote. Aliona antena ya jirani wa mtaa wa nyuma, kubwa kama ngazi, imesimama kichwa chini miguu juu. Akaenda mbio kumwarifu jirani kwamba antena yake imepinduka. Jirani akatoka, akaitazama antena kwa muda, kisha akamtazama dobi kwa muda mrefu zaidi.

Jioni ile aliuelekeza mrija kwenye mwezi. Mke wake alikuwa ameshapakua chakula; akaita mara ya kwanza, akaita tena, mwishowe akapanda ngazi mwenyewe na kumkuta mumewe amepiga magoti kwenye saruji, jicho limeganda kwenye tundu.

"Umeona nini hapo?"

"Una mashimo," alisema dobi.

"Nani?"

"Mwezi. Mashimo na milima, na kila mlima una kivuli chake."

Mke wake akamwambia kuwa paa lao nalo lina mashimo, na hayo yanaonekana bila bomba. Akashuka kula.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Baada ya hapo watu walijikuta wanachama bila kuomba. Wa kwanza alikuwa Nesi, mwanamke mstaafu aliyefanya kazi hospitalini maisha yake yote na aliyeishi ghorofa ya juu, chini ya paa lenyewe. Alipanda kulalamika kwamba kila usiku mtu anatembea juu ya kichwa chake. Dobi, kwa kukosa la kujibu, akampisha achungulie. Nesi hakulalamika tena. Ila siku iliyofuata alirudi na kiti chake, blanketi na saa ya mkononi, na akalipa kundi jina: Chama cha Anga. Kwa kuwa walikuwa wawili tu, alijipa uenyekiti na kumpa dobi kazi zilizobaki.

Wa pili alikuwa Fundi Friji. Huyu alikuja kuitazama mashine mbovu ya kufulia, akasema imekufa, haina dawa, ila mota yake ni nzima. Akaomba aitumie kuizungusha darubini taratibu iufuate mwezi, maana mwezi hausimami kusubiri mtu apigwe na butwaa. Jaribio la kwanza lilifanyika mbele ya wanachama wote. Fundi aliwasha swichi, mota ikakumbuka kazi yake ya zamani, na darubini ikazunguka kama inakamua mashuka. Iliikumba kofia ya mwanachama wa mwisho na kuirusha hadi kwa kinyozi.

Mwanachama huyo alikuwa Bima. Alikuwa anauza bima kwa pikipiki mjini kote, na kila wiki alileta mashati ya kupigwa pasi. Kazi yake ilimfanya aone hatari kila mahali. Alipoingia dukani alitazama waya, akatazama ndoo, akatazama ngazi, na kila kimoja kilimhuzunisha. Alijiunga kwa sababu alitaka kuikatia darubini bima. Hakufanikiwa, lakini alibaki, na kwa kuwa alishinda barabarani, akapewa kazi ya kuangalia hali ya hewa. Taarifa zake zilikuwa za aina moja tu. Mbingu ikiwa nyeupe pe, Bima alisema, "Kwa sasa hakuna mawingu, lakini mimi msinishike shati."

Walichokitaka wanne hawa kuliko kitu kingine chochote ni picha ya mwezi ukiwa umepatwa. Walikuwa wameijaribu mara mbili. Mara ya kwanza mwezi ulipatwa nyuma ya mawingu mazito kama magodoro. Walikaa juu ya paa chini ya mwavuli mmoja, wakala kila kilicholetwa, na Nesi akatangaza kila hatua kwa kufuata saa yake: sasa kivuli cha dunia kimegusa, sasa kimefika nusu, sasa mwezi mzima ni mwekundu. Wenzake waliinua nyuso kila alipotangaza, kama watu wanaofuatilia mpira redioni.

Mara ya pili mbingu ilikuwa safi, ungedhani imefuliwa na dobi mwenyewe. Mwezi ukawa mwekundu mbele ya macho yao, mota ikatii, kamera ya Nesi ikalia tap, tap, tap jioni nzima. Walikumbatiana. Waliposhuka kutazama picha, hapakuwa na picha. Kamera haikuwa na kadi ndani, na ilikuwa imewaambia hivyo tangu mwanzo kwa maandishi madogo kwenye kioo chake cha nyuma. Lakini wote wanne walikuwa watu wa miwani ya kusomea, na wote wanne walikuwa wameiacha nyumbani. Tangu hapo Nesi alibeba kadi mbili kwenye pochi popote alipokwenda, hata msibani, kama mtu abebavyo dawa ya pumu.

Sasa ikaja mara ya tatu. Safari hii mwezi ungechomoza jua linapozama, kivuli kingeanza kuumega muda mfupi baadaye, na ungekuwa mwekundu wote kabla watoto wa mtaani hawajaitwa kulala. Saa nzuri kwa watu wa umri wao. Tatizo ni kwamba siku hiyohiyo mama mkwe alikuwa nyumbani.

Mama mkwe huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule kwa miaka mingi, mwanamke mfupi aliyenyooka kama rula. Dobi alimwogopa kwa heshima zote. Tangu aoe, mazungumzo yao yalikuwa hayajawahi kuvuka shikamoo, habari za safari na karibu chakula. Alipokuwapo, dobi alipita ukutani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Safari hii alikuwa amekuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na upasuaji ulikuwa umefaulu kupita kiasi. Kwa muda mrefu bibi huyu alikuwa akiiona nyumba ya binti yake kupitia ukungu na kuisifu. Bandeji ilipotolewa aliona buibui darini, ufa kwenye kikombe chake, na mshono uliopinda kwenye pazia. Kisha akamgeukia mkwe wake, akamtazama kwa utulivu, na kusema sentensi yake ya kwanza kwake isiyokuwa salamu.

"Kumbe nawe umezeeka."

Dobi alijibu, "Ndiyo, Mama," akaenda kujificha nyuma ya mashine.

Mpango ulikuwa kwamba bibi, akishapona, apelekwe kwa binti yake mdogo, shemeji yake dobi, aliyeishi upande mwingine wa mji. Mke wa dobi akaichagua jioni ileile. Dobi alijaribu kueleza, kwa mbali na kwa kuzunguka, kwamba labda kesho ingefaa zaidi, barabara ingekuwa kavu, jicho lingekuwa limetulia.

"Mama ataenda leo," alisema mke wake bila kuinua pasi. "Mdogo wangu ameshapika. Huo mwezi wako umeukosa mara mbili, na wenyewe haujawahi kulalamika."

Basi dobi akapiga hesabu mpya kichwani: atampeleka mama mapema, atarudi mbio, atakuwa juu ya paa kabla kivuli hakijagusa. Asubuhi ilikuwa ya jua, akajipa moyo, akaanika mashuka yote ya nyumba ya wageni. Mchana ukaharibika. Mawingu yalitoka upande wa machweo, yakasimama juu ya mtaa kana kwamba yamepanga chumba, na mvua ikashuka mashuka yakiwa nusu yameanuliwa. Dobi na Nesi walikimbizana na kamba huku Fundi Friji akiifunika darubini kwa koti lake la kazi. Walipomaliza, walisimama kwenye lango la ngazi wameloa chapachapa, wakaitazama mbingu ya rangi ya maji ya kufulia. Nesi alitoa saa yake, akaitazama, akairudisha. Safari hii hata kutangaza hakutaka.

Hapo ndipo simu ya dobi ikalia. Alikuwa Bima. Alikuwa ametoka kumtembelea mteja upande wa mashariki, nyuma ya kiwanda cha magodoro, na alikuwa na jambo la kusema ingawa hakutaka kulisema.

"Huku kuna tundu," alisema.

"Tundu la nini?"

"La mbingu. Kubwa. Nyota moja naiona. Lakini siahidi kitu, na barabara inateleza, na gari lako breki zake nazijua."

Nyumba ya shemeji ilikuwa njiani kuelekea mashariki. Dobi aliliona hilo papo hapo, na Nesi naye akaliona. Kabla mke wa dobi hajauliza kulikoni, darubini ilikuwa imeshapakiwa nyuma ya gari dogo la kupelekea nguo, mota iko ndani ya ndoo, Fundi Friji amekalia furushi la mashuka yenye unyevu, na Nesi amekalia furushi jingine akiwa ameshika pochi kwa mikono miwili. Mama mkwe akapandishwa mbele kwa adabu, na mkoba wake magotini. Aliuliza wale wawili wa nyuma ni nani. Dobi akasema ni wafanyakazi wenzake. Bibi akageuka, akamwona mwanamke mtu mzima aliyevaa koti la mvua juu ya furushi la mashuka, wakasalimiana vizuri.

Safari ikaanza. Wiki zilizotangulia mbingu ilikuwa somo la kila mazungumzo ya dobi, lakini sasa, na mama mkwe pembeni, hakuweza hata kuinua kichwa kuitazama ipasavyo. Aliichungulia kupitia kioo cha mbele kila gari lilipopanda tuta. Mbele kulikuwa na mpasuko wa buluu iliyokolea, na mpasuko huo ulikuwa unakwenda. Kila walipoukaribia, nao ulijisogeza mbele kidogo.

Wakaufikia mtaa wa shemeji. Dobi aliiona nyumba, aliona taa ya mlangoni imewashwa kwa ajili yao. Alijua anachopaswa kufanya. Mkono wake ulipaswa kukata kona. Mguu wake ulipaswa kukanyaga breki. Lakini kupitia kioo aliona, juu ya mapaa, mwezi mkubwa uliotoka kuchomoza, na upande wake mmoja ulikuwa umeshaanza kuliwa. Mkono haukukata kona na mguu haukukanyaga breki, na gari likapita nyumba ile kama limeagizwa.

Nyuma, Nesi aliikaza mikono kwenye pochi na Fundi Friji akaikumbatia ndoo ya mota.

"Baba," alisema mama mkwe, "nyumba ya mwanangu tumeipita."

"Ndiyo, Mama."

Dobi aliushika usukani kwa mikono miwili. Alisubiri. Bibi alitazama mbele, akainamisha kichwa kidogo ili aone juu ya mapaa, akakitazama kile ambacho mkwe wake alikuwa anakitazama. Gari likapita kituo cha mafuta, likapita duka la mbao.

"Umekatwa na nini?" aliuliza.

"Kivuli, Mama. Kivuli cha dunia. Sisi tuko katikati ya jua na mwezi, tumeuzibia mwanga."

Bibi akalifikiria hilo. Kisha akasema, "Basi ongeza mwendo. Lile wingu linakuja kulia."

Dobi aliongeza mwendo. Baadaye alisema kwamba maisha yake yote ya ndoa alikuwa akisubiri agizo la mama mkwe ambalo angeweza kulitekeleza kwa moyo mkunjufu.

Bima alikuwa anawangoja barabarani na tochi. Mahali alipopapata palikuwa uwanja wa shule ya udereva, uliozungushiwa mapipa yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Eneo lilikuwa wazi pande zote. Lakini katikati ya uwanja kulikuwa na gari la mafunzo lenye taa kali, na ndani yake mwanafunzi, mwanamume wa makamo aliyekuwa anajifunza kurudi nyuma kati ya mapipa. Mwalimu wake alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, akimpigia kelele kwa sauti iliyochoka. Nesi alimwendea akamwomba azime taa. Mwalimu akasema uwanja ni wa wanafunzi, na mwanafunzi huyu ana mtihani, na kwa hali aliyo nayo hata mchana hamuachi peke yake.

Ndipo mlango wa mbele wa gari la dobi ukafunguka, na mama mkwe akashuka, akakanyaga tope bila kulitazama, akaenda hadi kwa mwalimu.

"Mwanangu, zima hizo taa kidogo. Watoto wangu wanataka kupiga picha."

Mwalimu aliuliza picha ya nini gizani. Bibi akaonyesha juu kwa kidole. Mwalimu akatazama, na mdomo wake ukabaki wazi, maana alikuwa amesimama chini ya jambo lile tangu lianze na hakuliona. Akaliendea gari, akaingiza mkono dirishani, akazima taa mwenyewe. Kwa kupagawa huko akasahau kumwambia mwanafunzi ashike breki, na gari likarudi nyuma taratibu hadi likaegemea pipa. Hakuna aliyegeuka. Mwanafunzi alishuka kwa furaha ya mtu aliyesamehewa, akauliza kama kuna kazi.

Kazi ilikuwapo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na taa ya ulinzi iliyowamulika usoni, kwa hiyo Bima na mwanafunzi wakapewa shuka moja la nyumba ya wageni walishike kama pazia. Dobi aliona pindo la shuka likigusa tope, akafumba macho, akayafumbua upande mwingine. Bima alieleza kwamba upepo ukija, shuka kubwa namna hiyo linaweza kumnyanyua mtu mwepesi. Mwanafunzi akamwambia asijali, yeye si mwepesi.

Fundi Friji alikuwa amelala kifudifudi akiunga mota kwenye betri ya gari. Kamera ilikuwa haijafungwa bado, kwa hiyo dobi akauelekeza mrija kwenye mwezi, akaurekebisha, kisha akafanya jambo ambalo hakujua kama linafaa. Alisogea kando na kumwambia mama mkwe karibu. Nesi akasema jicho jipya halina shida, atumie hilohilo. Bibi akashika magoti, akainama, akatazama. Kivuli kilikuwa kinatambaa juu ya milima na mashimo, na ukingo wake ulikuwa wa rangi ya kutu. Nesi alikohoa kwa upole, akataja kamera. Bibi akajibu kuwa anakuja. Hakuja. Mwishowe ilibidi Nesi amshike bega kama alivyokuwa akiwaondoa jamaa wa wagonjwa wodini baada ya saa za kutazama.

Kamera ikafungwa. Kadi ikahakikishwa na kila mwanachama, mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa na miwani. Mwezi ukaingia wote kwenye kivuli, ukageuka rangi ya shaba, na nyota ambazo mwanga wake ulikuwa umezizima zikajitokeza kuuzunguka. Mota ilinguruma kwa upole, ikiufuata. Dobi alitazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera, akasema iko sawa. Nesi akatazama, akasema sawa. Fundi Friji naye sawa. Nesi akaweka kidole kwenye kitufe.

"Mbona una ukungu?" alisema mama mkwe, aliyekuwa amechungulia kati ya mabega yao.

Dobi alimweleza kwa heshima kwamba mwezi ukipatwa huwa hivyo, mwanga ni hafifu.

"Sisemi mwanga. Hapo pembeni kuna kinyota, na kinyota hicho kina manyoya. Nyota za juu hazina manyoya, nimezitazama sasa hivi."

Wanachama watatu waliinamisha miwani yao juu ya kioo. Hawakuona manyoya. Hawakuona hata kinyota. Wakatazamana, watu wazima watatu ambao hawakuwa na jicho moja zuri miongoni mwao, na dobi akamwonyesha bibi kinobu cha kurekebishia. Bibi akakishika kwa ncha za vidole kama alivyolishika gurudumu la cherehani miaka yote ile, akakizungusha unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma, uso wake umekaribia kamera kama anatunga uzi.

"Hapo," alisema. "Asiguse mtu."

Hakuna aliyethubutu kugusa. Nesi alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Dobi alisimama amekunja mikono kifuani, na akagundua kwamba amesahau kuwa na wasiwasi. Mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa anaitazama mbingu bila kuiomba kitu. Kisha lile wingu la kulia likafika. Lilianza kuulamba mwezi pembeni, likaufunika taratibu, na ikawa giza kama kawaida. Mwalimu wa udereva akasema, "Aisee." Mwanafunzi akauliza kama sasa anaweza kuliachia shuka.

Simu ya dobi ilikuwa ikilia mfukoni. Akaitoa na kuona jina la mke wake, na furaha yote ikamshuka hadi magotini. Aliipokea. Sauti ya mke wake ilisikika na watu wote uwanjani: mdogo wake amepiga mara ngapi sijui, chakula kimepoa, Mama yuko wapi? Mama mkwe akanyoosha mkono, akaichukua simu kutoka kwake.

"Tuko njiani," alisema. "Barabara imejaa."

Akaikata simu, akamrudishia mwenyewe, akaenda kupanda garini. Barabara ilikuwa tupu kabisa. Aliyeipita alikuwa mbuzi mmoja.

Nyumba ya shemeji waliifikia mama mkwe akiwa na tope hadi vifundoni. Shemeji aliuliza kumetokea nini. Bibi akasema mkwe wake anaendesha vizuri sana, na akaomba maji ya kuosha miguu.

Kati ya picha zote, tatu zilikuwa safi, na moja ilikuwa ya kumfanya mtu akae chini. Mwezi ulionekana kama shaba iliyotoka motoni, mviringo kamili, mashimo yake yote mahali pake, na pembeni kinyota kimoja kisicho na unyoya. Dobi aliifanya kubwa, akaiweka kwenye fremu, akaitundika juu ya kaunta. Wateja waliiona mara moja. Wa kwanza akauliza kama hilo ndilo doa lililomshinda. Wa pili akamshauri ajaribu ndimu na chumvi. Dobi aliwajibu wote kwa subira, na kama mteja hakuwa na haraka, alimweleza na kivuli. Mashuka ya nyumba ya wageni aliyafua upya yote, kwa mikono, bila mtu kumwambia.

Mama mkwe hakukaa sana kwa binti yake mdogo. Alisema huko kuna miti mingi inayoziba. Alirudi kwa dobi, na kila jioni isiyo na mawingu alipanda paani na kiti chake, akakaa karibu na kinobu. Sasa dobi aliongea naye. Ilianza na mwezi, ikaenda kwenye sabuni, kwenye uzi mbovu wa siku hizi, kwenye kinyozi wa jirani na tabia zake. Nesi alianza kuuhofia uenyekiti wake. Bima aliendelea kutabiri mawingu, bibi akaendelea kumwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza chamani palikuwa na mtu ambaye Bima alimtii.

Mke wa dobi alivumilia kwa wiki kadhaa. Alilalamika kwamba alikuwa anagombana na mume mmoja, sasa amenyang'anywa hata mama. Chini hakuna wa kuongea naye isipokuwa mashine, na moja yao imekufa. Jioni moja akapanda ngazi akiwa ameshika kiuno, amekuja kuwaambia yake. Mama yake hakumpa nafasi. Alimvuta kwa mkono na kumwinamisha kwenye tundu, ambako Fundi Friji alikuwa ametoka kuitafuta Zohali na pete yake.

Mke wa dobi alitazama. Akainuka, akamtazama mumewe kwa jicho la mtu asiyetaka kufanywa mjinga.

"Mmebandika kitu hapa," alisema.

Akashika ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akaifuta lenzi ya mbele vizuri, kama anavyofuta glasi za wageni, akainama tena. Akakaa hivyo, mkono mmoja mgongoni. Kisha, bila kutoa jicho kwenye tundu, akaunyoosha mkono ule nyuma, akapapasa hewani akitafuta kiti, na dobi akamsogezea cha kwake.